Ngeu na Nano: Historia ya Rangi ya Chuma na Swali la Nani Anayesaga

Fundi seremala wa zamani wa pwani alipotaka mstari ulionyooka alipiga ngeu. Udongo mwekundu uliloweshwa, uzi ukapitishwa ndani yake, ukavutwa juu ya ubao kutoka ncha hadi ncha, ukainuliwa kidogo na kuachiwa. Alama nyekundu iliyobaki ndiyo iliyoongoza msumeno. Neno hili limo katika kamusi zetu, lakini nikilitaja darasani ni wachache sana wanaolitambua. Kitu chenyewe, hata hivyo, wanakutana nacho kila siku. Sakafu nyekundu za nyumba za zamani za serikali, zile zilizosuguliwa kwa nta kila Jumamosi mpaka zikaakisi miguu ya meza, zilitiwa ngeu ndani ya saruji. Geti la chuma unalopita asubuhi lilipakwa kwanza praima nyekundu ambayo mafundi wetu huiita redi oksaidi, kisha ndipo likapewa rangi yake ya kijani au nyeusi. Ukikwangua mkwaruzo kwenye bodi ya gari la mizigo, mara nyingi utaikuta chini. Ni oksidi ya chuma. Kwa lugha ya mtaani, ni kutu iliyofundishwa kazi.

Nimesukumwa kuandika haya na swali la mwanafunzi mmoja wa mwaka wa 3. Alikuwa amesoma kwamba viwanda vya rangi sasa vinatumia chembe nano za oksidi ya chuma, akataka kujua kama hayo ni mapinduzi mapya ya teknolojia ambayo Afrika, kama kawaida, imeyakosa. Nilimjibu kwamba swali lina sehemu mbili, na ni sehemu moja tu iliyo mpya. Udongo wenyewe haujawahi kuwa haba popote duniani. Katika historia yote ya rangi hii, kilichokuwa haba, na kilichogombaniwa, ni uwezo wa kuusaga, kuuosha, kuuchoma na kuuchambua chembe kwa chembe. Mwenye udongo alipata kodi ya ardhi, na mwenye kusaga akapata soko. Nadhani mtumishi wa umma anayeandika vipimo vya zabuni ya rangi ya shule anapaswa kuijua historia hii kama anavyopaswa kuijua mwanakemia, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza tuelewane kuhusu kitu chenyewe. Chuma kikikutana na oksijeni huzaa jamaa ya oksidi zenye rangi mbalimbali. Hematiti ni nyekundu. Magnetiti ni nyeusi. Ile ya njano, iitwayo getaiti, imeshikilia maji ndani ya muundo wake; ukiichoma kwenye moto wa kadiri, maji hutoka na njano hugeuka nyekundu mbele ya macho yako. Lakini aina ya oksidi si yote. Ukubwa wa chembe nao huamua rangi. Hematiti yenye chembe za kiasi cha nanomita 100 huonekana nyekundu inayoelekea machungwa. Chembe zikikua mara kadhaa zaidi ya hapo, wekundu huinamia zambarau. Kemikali ni ileile, uzito ni uleule, ila rangi ni nyingine. Kwa kulinganisha, unywele mmoja wa binadamu una unene wa nanomita 80,000 hivi. Kwa hiyo msagaji wa rangi, hata asipojua neno nano, siku zote amekuwa akifanya kazi katika ulimwengu huo mdogo.

Na amekuwa akiifanya kwa muda mrefu mno. Katika pango la Blombos, Afrika Kusini, watafiti walikuta mwaka 2008 vifaa vya kutengenezea rangi vyenye umri wa takribani miaka 100,000: makombe ya baharini yaliyotumika kama vyungu, mawe ya kusagia, mifupa, mkaa na udongo mwekundu. Yaani kulikuwa na karakana. Katika mlima wa Ngwenya, Eswatini, watu walichimba hematiti zaidi ya miaka 40,000 iliyopita. Kwetu Kondoa, michoro ya miambani ya Kolo na maeneo jirani, ambayo Mary Leakey aliinakili kwa mkono mwaka 1951 na UNESCO ikaiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, sehemu kubwa ni nyekundu ya chuma. Imestahimili mvua na jua kwa sababu chuma kilichokwisha kuoza hakina tena pa kuozea. Hapo ndipo ubora wake wote ulipo: rangi nyingine hufifia kwa kubadilika, lakini hii imekwisha kubadilika kabla haijapakwa. Wamaasai huuita udongo huo olkaria, na jina hilo leo linajulikana zaidi Kenya kama mahali pa umeme wa jotoardhi kuliko kama mahali pa rangi.

Sitaki kukaa sana kwenye mapango. Wasomi wetu wana tabia ya kuyakimbilia kila tunapotaka kuthibitisha kwamba nasi tulikuwapo, kisha tunaruka miaka 40,000 na kutua kwenye bajeti ya mwaka huu. Yaliyo katikati ndiyo yanayouma.

Chukua Ghuba ya Uajemi. Kisiwa cha Hormuz, kwenye mlango wa Ghuba, kina udongo mwekundu kiasi kwamba mawimbi ya ufukweni huonekana kama yamechanganywa na damu, na wenyeji huutumia hadi kwenye vyakula vyao. Tangu mwishoni mwa karne ya 18 hadi 1868, Bandar Abbas na visiwa vya karibu nayo, Hormuz kikiwamo, vilikuwa mikononi mwa watawala wa Omani kwa mkataba wa kukodi kutoka kwa Uajemi. Maana yake ni kwamba Sayyid Said bin Sultan, huyuhuyu tunayemfundisha kama mtu wa karafuu na wa Zanzibar, alikuwa pia mpangaji wa kisiwa cha udongo mwekundu. Vitabu vyetu vya shule humkata kiunoni: nusu yake ya Ghuba huachwa kwa wengine.

Karne ya 19 ilipoelekea ukingoni, meli za chuma, madaraja ya chuma na mabehewa ya reli vilikuwa vimeifanya oksidi nyekundu kuwa bidhaa ya lazima. Chuma kisichopakwa huliwa. Ndipo visiwa vidogo vikaanza kuangaliwa kwa jicho jingine. Abu Musa ni kimojawapo. Mwaka 1898 mtawala wa Sharjah, Sheikh Saqr bin Khalid, aliwapa wafanyabiashara watatu Waarabu haki ya kuchimba udongo mwekundu wa kisiwa hicho. Mwaka 1906 mmoja wao aliingia makubaliano na kampuni ya Kijerumani ya Robert Wönckhaus, iliyokuwa ikifanya biashara katika Ghuba na kujijenga polepole pale ambapo Waingereza waliamini hapana mwingine anayestahili kujenga.

Waingereza hawakuwa na haja kubwa ya udongo ule. Walikuwa na haja ya kwamba Mjerumani asiwe nao. Mikataba ya 1892 iliwafunga masheikh wa pwani ile wasiuze, wasiweke rehani wala wasikabidhi sehemu ya ardhi yao kwa taifa lolote isipokuwa Uingereza, wala wasiwe na mawasiliano na dola nyingine. Basi Sheikh alishauriwa, kwa ule ushauri ambao mshauri wake amekuja na meli, aifute haki aliyoitoa. Akaifuta mwaka 1907. Wachimbaji hawakuondoka. Mwezi Oktoba mwaka huohuo manowari HMS Lapwing ilizisindikiza mashua za watu wa Sheikh hadi kisiwani, na wachimbaji wakaondolewa. Berlin ikalalamika, London ikajibu, barua zikaenda na kurudi kwa miaka.

Napenda kuwasomesha wanafunzi tukio hili kwa sababu linatibu ugonjwa mmoja wa fikra. Tumezoea kufikiri kwamba ukoloni hugombania dhahabu, pembe za ndovu na mafuta. Hapa dola mbili kubwa, zilezile zilizogawana mwambao wetu kwa kalamu mwaka 1890, zilifikishana karibu na risasi kwa ajili ya udongo wa kupaka mabehewa. Na angalia nafasi ya kila mmoja. Sheikh alipata kodi. Wachimbaji walipata ujira, kisha wakapata manowari. Unga wenyewe ulikwenda kusagwa, kuoshwa, kuchanganywa na mafuta ya kitani na kutiwa makoponi Ulaya, na huko ndiko bei ilikozaliwa. Hapakuwa na kifungu chochote, katika haki ya 1898 wala katika mikataba ya 1892, kilichozungumzia kinu.

Kisa cha pili kinatoka Ujerumani kwenyewe, na ndicho kilichogeuza mchezo. Mwaka 1854 mwanakemia Mfaransa Antoine Béchamp alionyesha kwamba nitrobenzini ikichanganywa na vipande vya chuma na asidi hutoa anilini. Miaka miwili baadaye kijana Mwingereza, William Perkin, akapata kutokana na anilini rangi ya zambarau ya vitambaa, na tasnia nzima ya rangi za kutengenezwa ikazaliwa. Viwanda vikawa vinahitaji anilini kwa matani. Kila tani ya anilini iliacha nyuma yake tope jeusi la chuma kilichooza, lisilo na mnunuzi. Lilirundikwa. Kwa zaidi ya nusu karne lilikuwa takataka.

Katikati ya miaka ya 1920, huko Uerdingen kando ya mto Rhine, mwanakemia Julius Laux aliligeuza swali. Badala ya kuuliza namna ya kulitupa tope, aliuliza namna ya kulilea. Akagundua kwamba ukitia chumvi fulani wakati mmenyuko unaendelea, tope halitoki ovyo: kwa kloridi ya chuma hutoka unga mweusi safi, kwa kloridi ya alumini hutoka wa njano, na ule mweusi ukichomwa kwenye tanuri hutoa nyekundu za vivuli mbalimbali, kila kimoja kulingana na chembe zilivyolelewa. Anilini ilibaki bidhaa, na takataka ikawa bidhaa ya pili. Kiwanda cha Uerdingen kingali kinafanya kazi, sasa chini ya kampuni ya Lanxess iliyotokana na Bayer mwaka 2004, na bado ni miongoni mwa vikubwa duniani kwa oksidi ya chuma. Ushindani wake mkubwa leo unatoka China.

Hili la taka si la Wajerumani peke yao. Nyumba nyekundu za mbao za Sweden zimepakwa kwa karne kadhaa rangi iliyotokana na mabaki ya mgodi wa shaba wa Falun. Huko Fukiya, Japani, mabaki ya uchimbaji wa shaba yalitoa tangu karne ya 18 unga mwekundu waliouita bengara, neno lililosafiri kutoka Bengal, India. Wafinyanzi wa vyombo vya kauri vya Kijapani walikuwa wakiusaga unga wa namna hiyo ndani ya maji kwa muda mrefu sana hadi uwe mwororo kupita kiasi, wakijua kwa jicho na kidole kile ambacho maabara za karne ya 20 zilikuja kukipima: kwamba wekundu mzuri hutoka kwenye chembe ndogo na zilizotengana. Kilicho cha Uerdingen pekee ni kiwango. Baada ya hapo rangi ya chuma haikuhitaji tena kisiwa wala mlima. Kijiji cha Roussillon kusini mwa Ufaransa, kilichokuwa kikiishi kwa kuchimba na kuosha udongo wa njano na mwekundu, kiliona soko lake likinywea katika miongo iliyofuata. Leo watalii hulipa kiingilio kuyaona mashimo. Manowari isingekuwa na sababu ya kurudi Abu Musa kwa ajili ya rangi. Mwenye kinu alikuwa amejifunza kutengeneza na udongo.

Sasa tufike kwenye nano. Rangi ya kawaida ya ukuta inataka chembe zinazotawanya nuru vizuri ili zifunike kilicho chini, na ukubwa unaofaa kwa kazi hiyo ni nanomita 200 hadi 300 au zaidi kidogo. Ukizishusha chembe chini ya nanomita 100, na hasa zikifika makumi machache tu, jambo la ajabu hutokea: rangi inabaki, lakini kufunika kunatoweka. Unapata wekundu au unjano unaopitisha macho, kama chai ya rangi ndani ya bilauri. Wakati huohuo chembe hizo huendelea kumeza miale ya urujuanimno ya jua, ile inayobabua mbao na kuzigeuza kijivu. Ndiyo maana zinatumika kwenye vanishi za milango na samani za nje: mshipa wa mninga unaonekana, na jua linazuiwa. Ndiyo maana pia zimo kwenye magari yenye rangi za kumeta. Vipande vidogo vya alumini vilivyo chini hung'aa kupitia wekundu ulio juu.

Ugumu wake si kuzisaga tu. Chembe ndogo kiasi hicho zina uso mkubwa mno kwa uzito wake, na hushikana kama unga wa muhogo uliotiwa maji ya moto bila kukorogwa. Zikishikana, zinakuwa tena chembe kubwa, na fedha yote iliyotumika imepotea. Kwa hiyo siri ya kiwanda iko katika kuziotesha zikiwa ndogo kutoka kwenye myeyuko, na kuzizuia zisikumbatiane mpaka zifike kwenye kopo. Hicho ndicho kinu cha leo. Hakionekani kwa macho, hakina jiwe, na bei ya unga wake ni mara nyingi ya bei ya oksidi ya kawaida.

Je, ni salama? Oksidi ya chuma kwa ujumla ni miongoni mwa rangi zisizo na makuu; imeruhusiwa hata kwenye chakula na vipodozi, na kwenye pakiti za Ulaya huandikwa E172. Ikiwa imefungwa ndani ya vanishi iliyokauka haina pa kwenda. Mashaka ya haki yako kwa mtu anayeushika unga mkavu kiwandani, na kwa fundi anayepiga msasa mlango wa zamani bila kuziba pua, kwa sababu vumbi la aina yoyote, likiwa dogo sana, hufika ndani zaidi ya pafu. Nchi nyingine zimeona kwamba ukubwa wa chembe ni jambo la sheria na haliachiwi fizikia peke yake. Umoja wa Ulaya ulitoa fasili rasmi ya malighafi ya nano mwaka 2011 na kuirekebisha mwaka 2022. Ufaransa tangu 2013 inamtaka anayezalisha au kuingiza vitu vya nano nchini atoe taarifa kila mwaka: ni kitu gani, kiasi gani, kwa matumizi gani. Hawakukataza. Wameuliza tu, na wameandika jibu. Mwaka 2022 hiyohiyo titani dioksidi, unga mweupe maarufu kuliko zote, iliondolewa kwenye vyakula vya Ulaya kwa sababu haikuwezekana kuthibitisha kwamba chembe zake hazidhuru vinasaba. Kwenye kuta imebaki.

Kwa wasomaji wangu walio ofisini, hapa nawaomba subira kidogo, kwa maana mtasema: haya ya nano ni ya wenye magari ya kumeta, sisi tuna madarasa ya kupaka. Kweli. Na katika madarasa hayo adui hana umbo la nano. Ni madini ya risasi.

Kwa muda mrefu rangi ya mafuta iliyong'aa na kukauka haraka ilitegemea risasi: nyeupe ya risasi, nyekundu ya risasi kwa kupaka vyuma, na njano ya kromati ya risasi. Madhara yake hayakuwa siri. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha huko Geneva Mkataba Na. 13, uliokataza nyeupe ya risasi katika kupaka ndani ya majengo na kuwazuia vijana wa kiume walio chini ya miaka 18 na wanawake wote kufanya kazi hiyo viwandani. Ulikuwa na matundu: vituo vya reli na majengo ya viwanda viliweza kusamehewa, na uliishika nyeupe, ukaiacha njano ya kromati iende zake. Marekani ilisubiri hadi 1978 kupiga marufuku rangi za risasi majumbani. Leo Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wa kwanza kuumia ni ubongo wa mtoto mdogo anayelamba vidole vilivyogusa vumbi la dirisha. Kikomo kinachopendekezwa na Umoja wa Mataifa ni sehemu 90 kwa milioni. Uchunguzi wa makopo ya rangi za mafuta yaliyonunuliwa madukani Tanzania na Kenya umekuta kwa nyakati tofauti rangi zilizozidi kikomo hicho mara nyingi sana, na za njano ndizo zilizoongoza.

Kwa nini njano? Kwa sababu hapo ndipo chuma kinaposhindwa kidogo, na lazima tuseme ukweli huu kama tunataka kusikilizwa na wenye viwanda. Kwa nyekundu ya praima, oksidi ya chuma iliishinda nyekundu ya risasi katika kazi nyingi. Geti lako halihitaji sumu. Lakini njano ya chuma ni njano ya udongo, ya ndizi iliyoanza kuiva sana. Haifiki kwenye njano kali ya mabasi ya shule na michoro ya ukutani ya chekechea. Ili kuifikia bila risasi, mtengenezaji hulazimika kuchanganya oksidi na rangi za kikaboni zilizo ghali zaidi. Tofauti hiyo ya gharama kwa kopo ndiyo inayolipwa na mtoto. Na ni rangi ya chekechea, msomaji, ambayo tumeichagua iwe kali kuliko zote.

Hapa ndipo historia ya kinu inaporudi kututesa. Tunao udongo. Liganga, huko Ludewa, kuna mlima wa chuma chenye titani na vanadi ambao umezungumziwa katika mipango ya serikali kwa vizazi. Kwale, pwani ya Kenya, mchanga ulichimbwa na kusafirishwa nje tangu 2014 hadi uchimbaji ulipokoma Desemba 2024. Ndani yake mlikuwa na ilmenaiti na rutaili, mama wa unga mweupe unaopaka kuta za dunia nzima. Meli ziliondoka na mchanga, na makopo yakarudi na unga. Ngwenya nako, mlima uleule ambao watu wa kale waliuchimba kwa ajili ya rangi ulifunguliwa mwaka 1964 kama mgodi mkubwa wa chuma, na mawe yake yakapakiwa kwenye treni kwenda bandarini na kupelekwa Japani. Kila mara tunapojadili madini, hoja yetu hukoma kwenye mrabaha: asilimia ngapi, inalipwa lini, nani ameila. Ni hoja ya Sheikh wa Sharjah.

Sisemi kila wilaya ijenge Uerdingen. Lakini oksidi ya kawaida ya chuma si elimu ya siri. Njia ya Penniman, iliyobuniwa Marekani wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, hukuza unga wa njano kwa kutumia chuma chakavu, myeyuko wa salfati ya chuma, hewa na joto la kadiri; ukichoma unga huo unapata nyekundu. Chuma chakavu ni kitu ambacho vijana wetu wanakikusanya kwa mikokoteni kila mtaa. Njia hiyo ina taka zake za maji zinazotaka kusafishwa, na unga wake hauwezi kushindana kwa bei na shehena za China bila soko la uhakika. Soko la uhakika, katika nchi zetu, lina jina moja: serikali. Yeye ndiye mpakaji mkubwa kuliko wote. Anapaka shule, zahanati, mahakama, vituo vya polisi, madaraja, na sakafu za ofisi ambazo nyingine bado ni zile nyekundu.

Nimesoma nyaraka kadhaa za zabuni za ukarabati wa majengo ya umma. Zinataja idadi ya mikono ya rangi, jina la rangi, mara nyingine hata aina ya brashi. Sijaona hata moja iliyomtaka mzabuni aeleze ni unga gani uliotoa rangi hiyo, wala alete cheti cha maabara kinachoonyesha kiasi cha risasi katika kila rangi atakayoleta, njano ikipimwa peke yake, isifichwe ndani ya wastani. Kifungu hicho kinaenea kwenye mistari miwili. Kingeweza kuongezewa mstari wa tatu, unaomtaka muuzaji wa vanishi na rangi zenye chembe nano aandike kwamba zimo, ili fundi atakayepiga msasa miaka 10 baadaye ajue anavuta nini. Mwaka mpya wa fedha unaanza Julai, na rasimu za zabuni huandikwa kabla ya hapo, na baadhi yenu mnaosoma hapa ndio mnaoziandika.